Kutumia Kiuavijidudu kwa Usalama: Mchubuko wa Ngozi na Kinywa

Hapa, kiuavijidudu ni dawa ya maji ya kuua vijidudu juu ya ngozi au kinywani. Dawa ya ngozi haiingii kinywani kamwe, hata ikizimuliwa.

Andaa sabuni, maji safi, kikombe chenye alama za mililita, bomba la sindano la ml 5 lisilo na sindano, shashi safi, na Dettol ya maji yenye kloroksilenoli asilimia 4.8.

Ngozi

1. Soma lebo: jina la dawa, asilimia, tarehe ya mwisho. Dawa iliyohamishiwa chupa ya soda isitumike. Mtoto huidhania kinywaji.

2. Nawa mikono kwa sabuni.

3. Osha mchubuko kwa sabuni na maji yanayotiririka hadi usione mchanga. Usiharakishe: dawa haifiki chini ya uchafu. Kama umeng'atwa na mbwa, osha kwa dakika 15, acha hatua zinazofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

4. Pima ml 95 za maji, ongeza ml 5 za dawa. Hakiki: jumla ni ml 100, na maji yamegeuka meupe kama maziwa. Dawa isiyozimuliwa huunguza ngozi. Harufu kali si kipimo cha usafi.

5. Pangusa kwa shashi iliyoloweshwa, kutoka katikati kwenda nje. Kila mpanguso, shashi mpya.

6. Funika mchubuko ukikauka. Mwaga mchanganyiko uliobaki.

Kinywa

7. Chukua chupa nyingine: klorheksidini asilimia 0.2, iliyoandikwa kuwa ni ya kusukutua. Isiguse macho wala kuingia masikioni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, muulize daktari kwanza.

8. Piga mswaki, sukutua kwa maji, kisha subiri dakika 30. Dawa ya meno hupunguza nguvu ya klorheksidini.

9. Pima ml 10. Sukutua kwa dakika 1, ukitazama saa. Tema yote, usimeze.

10. Rudia asubuhi na jioni, kwa siku alizotaja daktari wa meno tu. Ukizidisha, meno huingia madoa ya kahawia, na chai huyakoleza.

11. Acha dawa mara moja ukiona upele, midomo kuvimba au pumzi kubana. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali ukiwa na chupa mkononi.