SOMO LA KIKUNDI: Nyoka katika sanduku la pesa

Ndugu zetu wa vikundi, mwezi huu tunaongea juu ya ndoto. Pengine mtasema, ndoto na maendeleo wapi na wapi? Basi sikilizeni. Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama ambapo mwanachama aliota nyoka akitoka katika sanduku la pesa. Asubuhi akamweleza dada yake, na kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua kwamba nyoka ni mweka hazina. Mikutano miwili ikapita bila mtu kutoa mchango. Vitabu vilipokaguliwa, hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Lakini mama yule hakurudi tena, na ndiye pekee aliyejua kuandika hesabu vizuri.

Shida ilikuwa wapi? Kila mtu alikuwa na tafsiri yake tayari: nyoka ni adui, meno yakitoka ni kifo, harusi ni matanga. Hakuna aliyemwuliza mwenye ndoto. Tulipoketi naye alisema wiki ile mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alitaka kukopa kikundini, akaogopa atashindwa kulipa. Kumbe lililomtisha ni deni, si mtu.

Hebu fungueni Mwanzo 40 na 41. Mnyweshaji wa Farao aliota zabibu, mwokaji akaota vikapu vya mikate. Kila mmoja aliota kazi ya mikono yake, na Yusufu alisikiliza kwanza, kutoka kinywani mwa mwenyewe. Na ile ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, hakuitumia kumtafuta mchawi wa kuleta njaa. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani.

Hapa kwetu pia ndoto zilipimwa. Mwaka 1925 daktari Mswisi Carl Jung alifika Mlima Elgon, akakuta watu wanatofautisha ndoto ndogo, ya mtu mwenyewe, na ndoto kubwa ya jamii yote. Mzee mmoja alimwambia kwamba zamani ndoto za waganga zilionyesha habari za vita, magonjwa na mahali pa kupeleka mifugo, lakini sasa hazihitajiki, maana Waingereza wanajua kila kitu! (Sisi tunadhani mzee alikuwa akimcheka kidogo.)

Tena kuna ndoto zisizo na fumbo lolote. Aliyefiwa humwona marehemu, wala si lazima awe anaitwa. Homa kali huleta ndoto. Dawa nazo huleta: efavirenz, ambayo wengi wenye virusi vya Ukimwi walimeza kwa miaka mingi, ilijulikana kwa ndoto za kutisha. Ukianza dawa yoyote ya hospitali ukaona hivyo, usiiache kimyakimya. Rudi zahanati uwaeleze, wao wanaweza kukubadilishia.

Kwa mkutano ujao: mtu akileta ndoto, msikilizeni mpaka amalize, kisha mwulizeni, "Wiki hii ulikuwa na wasiwasi gani?" Jina la mtu lisitajwe. Kama mna shaka juu ya pesa, kagueni vitabu, hiyo haihitaji ndoto. Halafu jadilianeni: je, kuna mwenzetu aliyeacha kuja kwa sababu ya ndoto ya mwingine? Nani ataenda kumwona, na lini?