GUNDI YA KUFUNIKIA MABOKSI YA SPIKA

Wasomaji wa gazeti letu wanaopita Manzese kwa Barabara ya Morogoro bila shaka wameyaona maboksi ya spika yaliyopangwa nje ya karakana za maseremala, mengine ya mbao tupu, mengine yamekwisha kuvikwa vinili nyeusi, yaani ile ngozi ya plastiki. Maboksi hayo huenda kwenye arusi, kwenye mikutano, na kwenye ngoma za singeli, muziki uliochipuka katika mitaa kama hii ya Manzese na jirani yake Tandale. Machache hutengenezwa kwa ajili ya amplifaya za magitaa ya bendi. Katika somo hili sitasema habari za spika zenyewe wala za umeme. Nataka kueleza kitu kimoja ambacho watu hukidharau, nacho ni gundi inayoshikisha vinili kwenye mbao.

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye ni seremala huko, nikamsaidia kazi hii tangu asubuhi hata jioni. Nalimwuliza kwa nini anahangaika sana na gundi, na boksi lenyewe limekwisha kupigwa misumari. Akanijibu ya kuwa mteja huliangalia boksi kabla hajasikia sauti yake, na boksi ambalo ngozi yake imebanduka pembeni halikodishwi. Tena mbao iliyo wazi hunywa maji ya mvua na jasho la hewa, ikavimba, na mwishowe viungo vikaachana. Vijana wawili watatu hujichanga fedha ili wapate maboksi ya kukodisha, na hayo ndiyo shamba lao. Kwa hiyo jambo la gundi si dogo.

Kazi yenyewe si ya jana. Kampuni ya Fender ya Marekani, ambayo amplifaya zake hujulikana na wapiga gitaa wa dunia nzima, ilikuwa ikifunika kabineti zake kwa kitambaa, na kuanzia mwaka 1960 hivi ikageukia vinili iitwayo Tolex. Vinili hiyo ina kitambaa upande wa nyuma. Hata ile wanayotumia mafundi makochi wa kwetu, iliyo nzuri, ina kitambaa nyuma, na jambo hili yafaa mlikumbuke, kwa maana gundi haishiki plastiki, bali hushika nyuzi za kitambaa. Vinili isiyo na kitambaa ni taabu tupu. Plastiki yake imelainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole, yakaingia katika gundi na kuilegeza. Kazi huonekana safi siku ya kwanza, na baada ya miezi ngozi yote hutembea.

Sasa tuingie katika gundi zenyewe. Karakanani nilizikuta za namna mbili, na mabishano kati ya mafundi juu ya ipi iliyo bora hayaishi.

Ya kwanza ni gundi nyeupe ya mbao, ambayo kila mwanafunzi aliyepita chumba cha ufundi anaijua. Karibu nusu yake ni maji, na nusu nyingine ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea ndani ya maji hayo. Maji yakiondoka, chembe hukaribiana na kuungana, zikawa utando mmoja. Basi swali la kujiuliza ni hili: maji yatatokea wapi? Upande mmoja kuna vinili, nayo haipitishi maji hata tone. Njia iliyobaki ni mbao. Mbao ikiwa tupu na kavu, huyanywa maji, na gundi hukauka. Lakini mbao ikiwa na ngozi yake ngumu, maji hufungwa katikati kama maji katika chupa.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu. Mafundi wengi hupenda marini bodi, zile plaiwudi nyeusi au za kahawia zinazotumika katika kumwaga zege, kwa kuwa mabaki yake hupatikana katika majengo. Uso wake umepakwa gamu ya kiwandani ili zege lisiugande. Tulichukua kipande cha marini bodi na kipande cha plaiwudi ya kawaida, tukabandika vinili juu ya vyote viwili kwa gundi nyeupe kutoka kopo moja, tukaviweka rafuni. Siku ya pili kile cha plaiwudi kilikuwa kimeshika sawasawa. Kile cha marini bodi tulikifunua baada ya juma zima, na gundi ilikuwa bado nyeupe na mbichi kama maziwa, isipokuwa ukingoni. Mtu asiyejua hulaumu gundi kuwa ni bandia. Gundi haina kosa. Anayetaka kutumia bodi hiyo na aupige uso wake msasa mpaka mbao ionekane, au achague gundi nyingine.

Gundi nyingine hiyo ni ile ya rangi ya asali ambayo mafundi viatu huitumia. Msingi wake ni mpira, na mara nyingi ni mpira wa viwandani uitwao neopreni, uliopatikana katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1930. Mpira huo umeyeyushwa katika vimiminiko vikali vinavyoruka upesi hewani, kama vile toluini, heksani na asetoni. Haitumiki kama gundi nyeupe. Hupakwa pande zote mbili, kwenye mbao na nyuma ya vinili, kisha mtu hungoja, labda dakika kumi, labda ishirini, mpaka akigusa kwa mgongo wa kidole haimnati. Ndipo pande mbili hukutanishwa, na hapo hapo hushikana. Kinacholeta nguvu ni kukandamiza, si kungoja. Mjomba hupitisha chupa ya soda juu ya ngozi kwa uzito wa mwili wake wote, akianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Mbao inayonyonya sana, hasa kingo za plaiwudi, hutaka mkono wa pili wa gundi, maana wa kwanza huzama wote.

Uzuri wake ni huo wa kushika mara moja, na ubaya wake ni huo huo. Ukikosea kuweka sawa, huwezi kusogeza. Gundi nyeupe hukupa nafasi ya kuteleza ngozi huku na huku mpaka mstari wake unyooke.

Tena kuna hewa ya pwani yetu. Gundi ya mpira inapokauka, vile vimiminiko vinaporuka, huupoza uso wake, kama vile spiriti inavyopoza ngozi ya mtu kabla ya sindano. Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha ya kuwa hewa yenye mvuke mwingi ikikutana na kitu baridi hutoa umande. Basi katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, umande mwembamba usioonekana waweza kukaa juu ya gundi iliyopakwa, na pande mbili zikikutanishwa hushikana umande badala ya kushikana mpira. Wakati mwingine huonekana kama ukungu mweupe. Dawa yake ni kungoja mpaka ukungu uondoke wenyewe au kupitisha upepo wenye joto kidogo, na siku ya mvua kubwa ni afadhali kuacha kabisa kazi hiyo na kukata mbao.

Habari ya joto nayo ina mambo yake. Boksi jeusi likiachwa juu ya gari mchana wa Dar es Salaam, uso wake waweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na gundi nyingi za kawaida za mpira huanza kulegea katika joto la namna hiyo. Gundi nyeupe nayo hulegea, tena mapema zaidi, ila kama hakuna kinachoivuta hukaa mahali pake mpaka jua lipungue. Kwa sababu hii mimi nimeshawishika ya kuwa wanaobishana karakanani wote wana haki, kila mmoja mahali pake. Pande pana za boksi, ambazo ngozi imelala tu bila kuvutwa, zitosheleke kwa gundi nyeupe ikiwa mbao ni tupu. Pembeni na kwenye kona, ambapo vinili imekunjwa kwa nguvu na kila saa inataka kurudi ilivyokuwa, pawekwe gundi ya mpira, na ncha zake zipigwe pini kwa ndani, mahali pasipoonekana. Gundi za kupuliza za makopo sizipendi. Ni ghali, na utando wake ni mwembamba mno kwa ngozi nzito.

Lakini kuna jambo moja lililonifanya niandike somo hili, nalo ni mvuke wa ile gundi ya mpira. Katika karakana moja ya jirani, ambayo sitaitaja, kijana mwenzetu alikuwa akipaka gundi ndani ya chumba chenye dirisha moja lililofungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Kila jioni alilalamika kichwa na kizunguzungu, na wenziwe walimcheka kwamba hajazoea. Kuzoea huko ndiko kwa hatari. Huko Japani, katika miaka ya 1960, waligunduliwa watengenezaji wa ndala waliokuwa wakivuta mvuke wa heksani kutoka katika gundi siku nyingi, na mishipa yao ya fahamu ikaharibika, miguu na mikono ikafa ganzi na kukosa nguvu. Haikuja kwa siku moja. Pua huzoea harufu, lakini mishipa haizoei.

Na kuna moto. Toluini hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 4 tu, na sisi hapa hatujui baridi ya namna hiyo. Maana yake kopo lililo wazi hutoa mvuke wa kuwaka saa zote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni usionekane, mpaka ulifikie jiko la mkaa la mama anayepika chai mlango wa pili. Nimewaona pia watu wakizimua gundi iliyoganda kwa petroli ili isiwapotee. Hiyo huongeza hatari mara mbili, na hata gundi yenyewe haishiki tena vizuri.

Mjomba sasa hupakia gundi ya mpira uani, chini ya turubai, na kopo hufunikwa kila anapoinua brashi. Kwa pande pana ametoka kabisa katika gundi ya mpira, na hivyo kopo ambalo zamani lilimalizika kwa boksi moja sasa humaliza maboksi kadhaa. Zipo pia gundi za mpira zilizochanganywa kwa maji badala ya vimiminiko vikali. Mvuke wake ni mdogo, ila hewa yenye unyevu huchelewesha kukauka kwake, na mwenye haraka hazipendi.

Neno la mwisho ni juu ya madoa. Gundi nyeupe iliyochuruzika juu ya ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye maji ingali mbichi. Ile ya mpira usiiguse mpaka ikauke kabisa, kisha uisugue kwa kidole, nayo hujikunja na kutoka kama uchafu wa kifutio cha penseli. Usitumie petroli kuifuta, kwa kuwa petroli huondoa mng'ao wa vinili na yale mafuta yanayoilainisha, na mahali hapo patapasuka mapema kuliko boksi zima.