Kitabu Kina Anwani Yake

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara ya kwanza kuingia maktaba ya umma hapa Kisumu, nikiwa shule ya msingi, sikujua niiname wapi. Mwalimu alinituma nitafute habari za ngege. Nilizunguka rafu zote, nikaona haya kumwuliza mkutubi, nikachukua kitabu chochote na kujifanya nasoma mpaka saa sita. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na mwaka mzima sikukanyaga huko tena.

Ndiyo maana chama chetu kilipoamua kuwafunza watoto wa gredi ya nne wa shule jirani, nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Haya ndiyo tuliyowafunza, nawe waweza kumfunza mdogo wako.

Kwanza, soko. Tuliwauliza, "Mama akikutuma omena Kibuye, utaitafuta kwenye viatu vya mitumba?" Wakacheka sana. Basi maktaba nayo ina sehemu zake. Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wake mwaka 1876, akagawa vitabu katika mafungu 10: 200 ni dini, 400 lugha, 500 sayansi, 600 ufundi na kilimo, 700 sanaa na michezo, 900 historia na jiografia. Usimkaririshe mtoto yote. Mpe matatu au manne anayoyahitaji.

Pili, anwani. Nambari iliyo mgongoni mwa kitabu huonyesha kinapokaa. Samaki kama mnyama yuko 597, lakini uvuvi na ufugaji wa samaki uko 639. Kwa hivyo mtoto ajiulize kwanza: nataka kujua nini juu ya samaki?

Tatu, mchezo. Tulikata maboksi tukaandika nambari, kila mtoto akashika yake, wakapanga foleni kama vitabu. Hapo wengi walikosea. Walimweka 597.17 nyuma ya 597.3, eti 17 ni kubwa kuliko 3! Tukawaambia wafikirie senti: ya kwanza ni senti 17, ya pili ni senti 30. Wakabadilishana nafasi wenyewe bila kusukumwa.

Nne, kuuliza. Hili ndilo kubwa. Mmoja wetu aliketi mezani kama mkutubi, kila mtoto akaja na kusema, "Shikamoo, naomba unisaidie kupata kitabu kuhusu..." Mvulana mmoja alikataa katakata. Wenzake walipokwisha toka, akaja polepole akaniuliza kama kuna kitabu cha magugu-maji, kwa sababu mashua ya baba yake hukwama humo. Kumbe alikuwa na swali kubwa kuliko letu sote! Nilimwandikia kwenye karatasi: anza 600, kwenye kilimo na magugu, na usipoona, uliza.

Wenzangu, mwaka 1996 kule Garissa ilianzishwa maktaba ya ngamia ili vitabu viwafikie wafugaji nyikani. Sisi maktaba iko mjini, safari ya matatu tu, na bado mtoto anatoka mikono mitupu kwa haya. Jumamosi hii mshike mdogo wako mkono, mwende pamoja. Kuuliza si ujinga.