Tusiwe Wakristu wa Nje Tu

Asafiriye kwa garimoshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero. Reli hiyo ilipojengwa, tangu mwaka 1970 hata 1975, Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya wajenzi. Wakazi wake ni mchanganyiko wa makabila: Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wahehe, Wabena, na wengine waliofuata kazi ya reli, miwa na mpunga. Wakatoliki ni wengi katika nchi hiyo, na dini yao si ya jana. Wabenediktini walifungua misioni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Wakapuchini wa Uswisi waliwafuata tangu mwaka 1921. Mwaka 1964 likaundwa jimbo la Mahenge, na mwaka 2012 jimbo la Ifakara likazaliwa kutoka kwake. Mtoto abatizwaye leo huko, huenda hata babu ya babu yake alibatizwa.

Neema hiyo ni kubwa. Lakini imani iliyorithiwa ina hatari yake. Aliyeingia dini akiwa mtu mzima, zamani za babu zetu, alijua aliacha nini akashika nini. Sisi tuliozaliwa ndani yake twaweza kuivaa kama nguo tuliyoikuta sandukuni, wala tusijiulize kama yatuenea.

Mwaka 2003 Bibi Maia Green, mtaalamu wa mambo ya jamii kutoka Uingereza, alitoa kitabu juu ya Wakatoliki wa Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero. Alieleza jinsi watu wale wale waliobatiza watoto wao na kuijua vema njia ya kanisani walivyokwenda pia kwa wanyozi wa wachawi, wakanyolewa nywele na kupewa dawa ili uchawi uwatoke. Si lazima tukubali kila neno la mgeni aandikaye habari zetu. Hata hivyo neno hili twalijua wenyewe, wala si la Ulanga peke yake. Mtu amtajaye jirani yake mzee kuwa ndiye aliyemwua mtoto, kisha Jumapili akapiga magoti kupokea Komunyo, huyo amemkaribisha Bwana mdomoni na kumfungia mlango wa moyoni.

Lakini tusiwatazame hao tu, tukajiona salama kwa sababu sisi hatwendi kwa mganga.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliazimia kujenga Jumuiya ndogo za Kikristu, ili majirani wasome Injili pamoja, wasaidiane, wajuane kwa majina na kwa shida zao. Ni azimio jema, na mahali pengi limezaa matunda. Twasikitika lakini kuona jinsi wengine wetu tulivyoligeuza. Mtu haonekani kwenye Jumuiya mwaka mzima. Akianza kuugua, au akifiwa na ndugu, ndipo huja mbio kuuliza habari za kadi yake ya zaka. Anaogopa asije akakosa padre siku ya maziko yake. Hatuwezi kumcheka, maana hofu ya kuzikwa kama asiye na watu ni hofu ya kweli kwetu sote. Lakini yafaa aulizwe kwa upole: Je, Jumuiya ni chama cha kuzikana tu? Na viongozi nao wajiulize: Wanapofungua daftari kutazama nani amelipa na nani hakulipa, je, daftari hilo lina pia ukurasa wa wagonjwa waliotembelewa?

Hatusemi zaka iachwe. Bwana wetu alipowakemea Mafarisayo waliotoa zaka hata ya mnanaa na jira, wakaacha haki na huruma, hakuwaambia waache zaka. Aliwaambia ya kwanza wasiyaache, na ya pili wayafanye. Wala hatusemi rozari, medali na maji ya baraka ni upuuzi. Mwanadamu ana mwili, naye Mungu humjia kwa ishara zionekanazo: maji, mafuta, mkate na divai. Anayedharau ishara za nje atajikuta siku moja hana hata cha ndani. Kosa ni kukaa mlangoni tukadhani tumekwisha ingia.

Sasa natutazame jambo moja ambalo watu wa bonde la Kilombero wanalijua kuliko sisi. Mpunga hupandwa mvua zikiisha shika, na huvunwa kuanzia Mei au Juni. Miezi ya Februari na Machi ghala nyingi huwa tupu, na kazi ya palizi bado ingali mbele. Mama mwenye watoto wanne huenda kwa mwenye akiba, akakopa gunia moja, au fedha za gunia moja. Wakati wa mavuno atadaiwa mawili, pengine matatu. Na mdai akiwa hana haya, hupima kwa lumbesa. Wengine huuza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ya huzuni, kwa kuwa mtoto ana homa na dawa hazingoji Juni.

Angalieni, wasomaji, miezi hiyo ndiyo miezi ya Kwaresima! Mkopeshaji aliye Mkristu hupakwa majivu Jumatano, huacha nyama Ijumaa, hufuata Njia ya Msalaba kituo kwa kituo. Mdeni wake naye afunga, ila hakuchagua kufunga. Wote wawili hupanga mstari mmoja kuubusu Msalaba Ijumaa Kuu. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwaambia watu waliofunga na kuinamisha vichwa kama matete kwamba saumu aipendayo Mungu ni kuzifungua kamba za nira, na kumgawia mwenye njaa mkate. Twadhani kama nabii angepita Mang'ula mwezi wa Machi, asingeuliza kwanza nani anakula nyama.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliutaja utengano huu kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Hayo waliandikiwa Wakristu wa dunia nzima: tajiri wa Ulaya na mwenye ghala la mpunga. Hata hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na kijiji cha Nazareti ambamo wenye ukoma walipata makao, ni ushahidi kwamba nchi hiyo imekwisha ona imani ikiosha vidonda.

Wengine watauliza: Basi nifanyeje? Nimekwisha ungama, padre ameniondolea dhambi. Ni kweli. Lakini Kanisa limefundisha siku zote kwamba aliyechukua mali ya mwenzake isivyo haki hudaiwa kuirudisha, kadiri awezavyo. Zakayo alipanda mkuyu apate kumwona Yesu, na watu wote walimwona juu ya mti. Wokovu uliingia nyumbani mwake pale aliposema atarudisha mara nne. Sisi hatuombi mara nne. Aliyekopesha gunia moja akavuna matatu ajue mwenyewe lipi lilikuwa lake, na palizi la mwaka ujao halijafika. Kama anaona haya kwenda mchana kwa yule mama, amwombe padre anayemwungamisha ampelekee. Kazi hiyo mapadre waijua tangu zamani, nao hawatataja jina la mtu.