Mtumishi wa Chinichini: Istilahi na Utendaji wa Usasishaji wa Vivinjari katika Saiba za Eastlands

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, saiba ingali ofisi ya serikali isiyo na bendera. Humo ndimo mkazi anamojazia ritani zake za ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, ndimo anamoombea cheti kupitia eCitizen, na ndimo mwanafunzi anamojazia fomu ya mkopo wa HELB. Shughuli zote hizi hupitia programu moja, yaani kivinjari. Nyuma ya kivinjari hicho ipo programu nyingine ndogo ambayo mteja haioni, na ambayo mhudumu akiiona huishuku. Kazi yake ni kukisasisha kivinjari bila kumwita mtu. Wapo wahudumu wanaoizima kwa kudhani ni kirusi, na wapo wanafunzi wenzetu wanaoizima kwa sababu inawamalizia bando. Makala haya yanashikilia kwamba kundi la pili lina hoja, ila jibu la hoja hiyo si kuizima bali ni kuipangia saa za kazi.

Suala la istilahi

Tuanze na jina, kwa kuwa hilo ndilo shamba letu. Neno kivinjari halina matata. Limetokana na kitenzi vinjari, chenye maana ya kuzungukazunguka kwa uangalifu, hasa kwa chombo baharini. Sasisha nalo limeundwa kutokana na sasa, na linajieleza: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ugumu umo katika kulitaja jambo linalotendeka pasipo kuonekana kwenye skrini.

Baadhi ya tafsiri hutumia mandharinyuma. Kwa mwanafunzi wa fasihi, mandhari ni mahali na wakati wa tukio. Kumwambia kwamba programu inatenda kazi katika mandharinyuma ni kumpa picha ya pazia lililochorwa nyuma ya waigizaji, ilhali programu hii yenyewe ni mwigizaji. Usuli nao hutupeleka kwenye asili ya jambo, kama tusemavyo usuli wa tatizo katika pendekezo la utafiti. Tafsiri nyingine husema chinichini. Hili ndilo linaloeleweka upesi zaidi, na ndilo lenye lawama. Katika mazungumzo ya kila siku, linalofanywa chinichini ni lile ambalo mtendaji hangependa lijulikane: watu hukutana chinichini, hongo hutolewa chinichini. Anayeambiwa na tarakilishi yake kwamba ipo programu inayoendelea chinichini hata baada ya kivinjari kufungwa ana haki ya kujiuliza inaficha nini. Binafsi ningependelea kimyakimya, neno linaloeleza ukosefu wa kelele bila kudai hila. Hata hivyo, istilahi haichaguliwi na mtu mmoja, na chinichini limekwisha kuota mizizi.

Jinsi programu inavyotenda kazi

Google ilipotoa kivinjari cha Chrome kwa watumiaji wa Windows mnamo Septemba 2008, iliambatanisha nacho programu ya usasishaji iitwayo Google Update. Msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2009 kwa jina la Omaha. Katika miaka ya karibuni nafasi yake imechukuliwa na nyingine iitwayo GoogleUpdater, ila mantiki ni ile ile. Programu hii haikai macho saa zote. Windows hutunza ratiba ya kazi, na ratiba hiyo ndiyo huiamsha. Takribani kila baada ya saa tano huiuliza seva ya Google kama kuna toleo jipya. Swali lenyewe ni dogo mno kwa kipimo cha data. Likiwapo toleo, hulipakua, hulihakiki na kuliweka kando ya lile la zamani. Mtumiaji hulipata pindi akifungapo kivinjari na kukifungua tena. Hapa pana jambo linalosahaulika. Anayeacha kivinjari wazi wiki nzima ili asipoteze kurasa zake huendelea kutumia toleo la zamani wiki hiyo yote, ijapokuwa lile jipya limekwisha kulipiwa kwa bando lake.

Firefox ilifika huko polepole. Toleo la 12, la mwaka 2012, lilileta huduma iliyoondoa haja ya kumwomba msimamizi wa Windows ruhusa kila mara, na toleo la 90, la Julai 2021, likaweza kujisasisha kwenye Windows hata kivinjari kikiwa kimefungwa.

Yamkini mtu atauliza: haraka hii yote ya nini? Mnamo tarehe 1 Machi 2019 Google ilitoa Chrome 72.0.3626.121 ili kuziba ufa uliosajiliwa kama CVE-2019-5786. Ufa huo ulikuwa tayari unatumiwa na wavamizi kabla ya kiraka kutoka. Kuanzia Agosti 2023 Google ilianza kutoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki, ili kufupisha muda kati ya ufa kujulikana na ufa kuzibwa. Katika tarakilishi ya nyumbani ufa mmoja humhatarisha mtu mmoja au familia moja. Katika saiba ya Umoja, kiti kile kile hukaliwa na watu wengi kwa siku, kila mmoja akiandika nywila yake ya iTax au ya barua pepe. Kivinjari kilichozeeka hapo ni kufuli bovu kwenye mlango unaotumiwa na mtaa mzima.

Gharama

Wanaolalamikia bando hawakosei. Chrome ilizaliwa miezi kumi kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, wakati ambapo Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu. Ilibuniwa kwa ajili ya nyumba ambazo intaneti hutiririka kama maji ya bomba. Mkazi wa Kayole anayenunua data kidogo kidogo kwa simu ananunua maji kwa mtungi, na mwenye mtungi hapendi kusikia tone likidondoka usiku.

Wahandisi wenyewe walilijua tatizo. Mnamo Julai 2009 Google ilieleza mbinu iitwayo Courgette, ambayo hutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya. Katika mfano waliouchapisha, sasisho kamili lilikuwa la baiti 10,385,920. Mbinu ya awali, bsdiff, ililipunguza hadi baiti 704,512. Courgette ikalifikisha baiti 78,848. Sharti ni kwamba tarakilishi iwe na toleo lililo karibu na jipya. Aliyezima usasishaji kwa miezi mitatu, kisha akauruhusu siku moja, hana wa kumtumia tofauti ndogo. Hupakua faili zima. Aidha, kabla ya kukilaumu kivinjari, ni vyema kufungua ukurasa wa matumizi ya data katika mipangilio ya Windows 10 au 11, ambao huonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Mara nyingi mlaji mkubwa ni Windows yenyewe.

Tarakilishi zilizogandishwa

Lipo tatizo la saiba ambalo mwenye kipakatalishi nyumbani halifahamu. Baadhi ya wamiliki hulinda tarakilishi zao kwa programu za kugandisha, mathalani Deep Freeze. Kila tarakilishi inapowashwa upya, hurudi katika hali iliyogandishwa: faili za wateja hufutika, virusi hufutika, na mabadiliko yote ya mchana kutwa hufutika. Ni ulinzi mzuri. Lakini sasisho la kivinjari nalo ni badiliko. Asubuhi tarakilishi huamka ikiwa na toleo la zamani. Programu ya usasishaji huuliza, huambiwa kuna toleo jipya, hulipakua. Jioni tarakilishi huzimwa na toleo hilo hutoweka. Kesho hulipakua tena. Tarakilishi nane zikifanya hivyo kila siku, mmiliki hulipia sasisho lile lile mara nane kwa siku bila kulipata hata mara moja. Hapa hata mimi naafiki kuzima usasishaji wa kujiendesha, kwa sharti moja: mmiliki atenge siku moja ya wiki, baada ya kufunga, aziyeyushe tarakilishi zote, azisasishe, kisha azigandishe upya. Google hutoa kisakinishi kamili kinachofanya kazi bila intaneti. Hupakuliwa mara moja, kikatiwa kwenye flashi na kupitishwa tarakilishi moja baada ya nyingine.

Udhibiti wa kawaida

Kwa asiyegandisha, njia ni nyepesi. Andika chrome://settings/help katika upau wa anwani. Ukurasa huo hutaja toleo ulilo nalo na papo hapo huanza kutafuta jipya. Mwanafunzi aliye na kipakatalishi afanye hivyo akiwa kwenye intaneti ya maktaba ya chuo, si ya simu yake, kisha akifunge kivinjari na kukifungua tena. Akirudi Donholm na kutumia intaneti ya simu, auweke muunganisho huo katika Windows kama unaopimwa. Si kila programu hutii alama hiyo, lakini masasisho mengi ya Windows husubiri. Katika Chrome, chini ya mipangilio ya mfumo, kuna swichi ya programu zinazoendelea baada ya kivinjari kufungwa. Kuizima huokoa kumbukumbu ya tarakilishi, wala hakuathiri usasishaji. Ni mambo mawili tofauti yanayochanganywa kila siku.

Kuhusu hofu ya kirusi, jina pekee si ushahidi, kwa maana hata mhalifu anaweza kukiita kirusi chake GoogleUpdate.exe. Tazama faili limekaa wapi na limetiwa sahihi na nani. La kweli huwa ndani ya folda ya Google na hubeba sahihi ya kidijitali ya kampuni hiyo. Lililojificha kwenye folda ya faili za muda, lisilo na sahihi, lifutwe.

Zimebaki tarakilishi kuukuu, ambazo Eastlands hazikosekani. Chrome iliacha kuhudumia Windows XP na Vista mwaka 2016. Kwa Windows 7 na 8.1 toleo la mwisho lilikuwa la 109, la Januari 2023. Katika mashine hizo programu ya usasishaji huweza kuamka kila siku, ikauliza na kurudi mikono mitupu, huku mhudumu akidhani mambo ni shwari kwa kuwa hapana ujumbe wa kosa. Tarakilishi ya namna hiyo haifai kuandikiwa nywila ya mteja. Ikiwa haiwezi kubeba Windows mpya, ipewe Linux, ambako kivinjari husasishwa pamoja na mfumo mzima, ama ibakizwe kwa kazi ya kuchapa na kupiga chapa barua za maombi ya kazi, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa.