Bibi Alikuwa Amefunga: Somo la Imani Wodini

Wanachuo wenzangu, tukisikia "huduma ya kiroho kwa mgonjwa" wengi tunawaza padri au shehe anayeitwa daktari akishakata tamaa. Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka Ramadhani moja nikiwa likizo nyumbani Kilwa Kivinje.

Bibi yangu ana kisukari. Alikuwa amefunga na kliniki hakusema. Alimeza vidonge wakati wa daku, juu ya uji kidogo tu. Alasiri tukamkuta anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Sukari imeshuka. Tukampa maji ya sukari, tukakimbia naye kutafuta matibabu.

Muuguzi wa kwanza alimfokea: "Bibi, unataka kufa?" Bibi kimya. Hata kombe alilokuwa anakunywa, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa maji, hakulitaja.

Wa zamu ya jioni akavuta kiti. "Shikamoo bibi. Mwezi huu unafunga?" Basi, bibi akasema yote. Akaelezwa kwamba kidonge kile kinashusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Kombe hakukatazwa, aliulizwa tu limeandikwa kwa kitu gani, na akaambiwa lisichukue nafasi ya dawa. Kwa ridhaa yake akaitwa maalim wake. Maalim akamkumbusha kuwa Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kula, na asiyetarajia kupona atoe fidia, amlishe maskini. Bibi akalia. Kumbe sukari haikuwa inamtisha. Alichoogopa ni kufa na deni la saumu.

Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari na kufungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, akili, jamaa na roho kwa pamoja. Sisi wa Ualimu tunalijua hili kwa jina jingine: unaanza na analolijua mwanafunzi.

Ila kuuliza si kuhubiri. Muuguzi akianza kumwombea mtu ambaye hakuomba, hapo naye amekosea, tena vibaya.

Nanyi wa uuguzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo Kilwa au Lindi, swali la saumu liulizeni wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Ratiba na kipimo cha vidonge hubadilishwa mapema, si mgonjwa akishaanguka.