Rosa Mistika: msichana aliyelindwa bila kufundishwa



Leo tunaweka kando kidogo maisha ya watakatifu. Tunafungua riwaya, tena ambayo kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Najua wapo watakaoshtuka. Binti mmoja wa kikundi chetu cha kusoma hapa Moshi aliniuliza wazi, "Dada, kitabu chenye mambo yale ndiyo tunakisomea parokiani kweli?" Nikamwambia ndiyo, na jina lake lenyewe limetoka kanisani.

Kila tunaposali Litania ya Bikira Maria tunamwita Mama yetu Waridi lenye Fumbo. Kwa Kilatini ndiyo Rosa Mystica. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, alisoma seminari ya Nyegezi, kwa hiyo jina hilo hakuliokota barabarani. Alimpa msichana ambaye tutamwona akiharibiwa mbele ya macho yetu, na nadhani alitaka tuumie kila tunapolisoma.

Kwa ambaye hajakisoma, nitaeleza kwa kifupi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, kisiwani Ukerewe. Zakaria ni mlevi na ni mkali. Siku anapoikuta barua ambayo kijana Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti yake vibaya mno, na tangu hapo Rosa anajifunza jambo moja tu kuhusu wavulana: kuwaogopa. Anakwenda Mwanza, sekondari ya Rosary, bweni, akiwa na woga uleule. Kule baba hayupo, na woga ukishaisha hakuna kingine cha kumshika. Anadanganywa na Deogratias, mtu mwenye cheo, kisha wanafuata wengine. Akifika chuo cha ualimu Morogoro, hata mkuu wa chuo yumo. Anatoa mimba. Mwisho anajiua.

Wengi wakifundisha kitabu hiki husema Rosa aliharibika kwa sababu alipata uhuru mwingi akiwa mdogo. Mimi sikubaliani nao. Soma sura za mwanzo polepole uone Rosa alibeba nini alipoondoka nyumbani. Alibeba hofu ya fimbo. Kuhusu mwili wake, kuhusu mapenzi, kuhusu jinsi mtu mzima mwenye pesa anavyomtega msichana, hakuna aliyemwambia kitu. Kutojua si usafi wa moyo, ingawa kwa mbali vinafanana sana, na wazazi wengi huvichanganya. Usafi wa moyo ni fadhila, na fadhila mtu huijenga kwa kujua na kuchagua. Katekisimu, namba 2342, inafundisha kwamba kujitawala ni kazi ndefu isiyoisha mara moja, na inautaja utoto na ujana kuwa kipindi kinachodai juhudi zaidi. Sasa kazi hiyo utaifanyaje kama hujawahi kuambiwa kwamba ipo?

Njoo stendi ya Moshi mwezi wa kwanza, shule zinapofunguliwa. Utawaona watoto wa miaka 13 au 14 wameshuka kutoka Kibosho, Marangu na Rombo, kila mmoja na tranka, godoro na ndoo. Sisi watu wa mlimani tunapenda shule, na mzazi yupo tayari kuuza ng'ombe ili ada ipatikane. Mawaidha ya kuagana nayo tunayajua wote: soma mwanangu, achana na wavulana. Basi linaondoka. Kwenye kikundi niliwauliza ni nani aliwahi kukaa na mzazi wakaongea zaidi ya hapo. Waliinua mikono wawili. Kijana mmoja alisema baba yake akipiga simu huuliza matokeo, akishajibiwa anakata. Tukacheka, lakini yeye hakucheka.

Zamani huku mlimani haikuwa hivyo. Wachagga walikuwa na mafundisho marefu ya kumwingiza kijana katika utu uzima, ya wasichana yakiitwa shija na ya wavulana ngasi. Mchungaji Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi Old Moshi, aliyaandika mafundisho ya kabila katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Kulikuwa na mregho, kijiti kilichochongwa alama, na mzee alifundisha akifuata alama moja hadi nyingine. Sisemi turudi kule. Ukeketaji wa wasichana ulikuwa sehemu ya mila zile, na tumshukuru Mungu kwa kila mahali ulipokoma. Ila tazama: mtu mzima alikaa na kijana, kwa muda, akamweleza mambo ya mwili na ya ndoa bila kukimbia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, shule zikaenea, mafundisho yale yakafifia, na kile kiti cha mzee kikabaki wazi. Siku hizi kimekaliwa na simu.

Papa Fransisko aliligusa hili katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 261. Anasema kumchunga mtoto kupita kiasi si kumlea, na kwamba swali kubwa kwa mzazi si mtoto yuko mahali gani sasa hivi, bali moyo wake uko wapi, anaamini nini, anatamani nini. Zakaria angelijibu swali la kwanza haraka sana. La pili asingelijua hata lianzie wapi.

Halafu kuna Charles. Huyu ananikera kuliko Zakaria. Anarudi katika maisha ya Rosa, anataka kumwoa, anagundua si bikira, anamwacha. Jamani, Charles wapo hapahapa Moshi, wanaimba kwaya na sauti nzuri! Anayempima binti kwa jambo moja lililopita, kana kwamba Mungu hakubakiza chochote ndani yake, hajaelewa maana ya ubatizo. Na Rosa anamwamini. Hapo ndipo kitabu kinaponiuma zaidi: anakubali kwamba thamani yake yote ilikuwa pale, na imekwisha.

Kama wewe unayesoma uko mahali alipokuwa Rosa, nisikilize vizuri. Haijaisha. Hata kama ulitoa mimba. Bado kuna vijana wanaodhani dhambi hiyo lazima ipelekwe kwa askofu, basi wanakaa nayo miaka. Mwezi Novemba 2016, katika barua Misericordia et Misera, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondolea. Nenda kwa padre yeyote. Kama unaogopa kukutana na wa parokia yako, panda hiace uende parokia nyingine. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usisubiri Jumamosi ya kitubio. Mwambie mtu leo: shangazi, matroni, sista, rafiki, na mtafute pamoja daktari. Kuhusu waliokwisha ondoka namna hiyo, Katekisimu (2282 na 2283) inasema hofu kubwa na mateso ya moyo hupunguza wajibu wa mtu, tusikate tamaa juu ya wokovu wao, na Kanisa huwaombea. Kwa hiyo tumwombee pia binti wa jirani ambaye watu bado wanamnong'ona.

Nina ugomvi mmoja na Kezilahabi. Anatuonyesha wanaopiga, wanaodanganya na wanaoacha, lakini huruma anainyima nafasi ya kutosha. Hata hivyo hakumwachia Charles neno la mwisho. Kuelekea mwisho wa riwaya anawafikisha Rosa na Zakaria mbele za Mungu, mtoto na baba wakishitakiana. Sehemu hiyo isomeni kabla ya kukutana Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Njoo na karatasi, uwe umeandika ni nani mwingine ungemwita atoe ushahidi katika kesi ile, na ungemuuliza swali gani. Wazazi mnaosoma hapa kwa siri (tunajua mpo!), karibuni pia, viti vipo.